Mpira wa juu wa rejeta ni mgumu asubuhi, injini ikiwa baridi: ni hedi, kifuniko au kuna kingine?

#1 Ngurumo_3000
Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Prado, injini ya dizeli 1KZ-TE, gia otomatiki. Barabara tambarare kwa spidi 100 mshale wa joto unakaa katikati, hausogei. Ikianza milima mirefu kama Kitonga ya Iringa mshale unapanda, riziva (kopo la akiba la maji ya rejeta) inajaa hadi kumwaga. Ikipoa, maji hayarudi kwenye rejeta. Ukifungua kifuniko asubuhi unakuta imepungua karibu lita moja, na kabla ya kukifungua ule mpira wa juu unakuwa mgumu kana kwamba injini imezimwa sasa hivi. Oili safi, haijawa nyeupe kama maziwa kwa kuingiliwa na maji. Moshi mweupe hakuna.

Fundi wa kwanza kasema gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Wa pili kasema kifuniko. Wa tatu kataka thamostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) itolewe. Kushusha hedi ya hii injini si jambo dogo, kwa hiyo naomba njia za kupima kabla ya kufungua chochote. Tafadhali tutaje vipimo, si kubahatisha.

#2 SpanaKumiNaNne
Anza na kifuniko. Kina valvu mbili. Ile kubwa ya springi inazuia presha mpaka ifike kiwango kilichoandikwa juu yake, nyingi za Toyota ni 0.9 au 1.1, yaani takriban bar. Ile ndogo ya katikati, kitufe chini ya kifuniko, inafunguka kuelekea ndani injini ikipoa ili maji yavutwe kutoka riziva. Ikikwama hiyo ndogo, maji yanatoka lakini hayarudi. Ndiyo dalili yako hiyo. Nunua kipya chenye namba ileile, endesha siku tatu, urudi hapa.

#3 Mama_Dizeli
@SpanaKumiNaNne hapana, hujasoma dalili zote. Valvu ndogo ikikwama, mpira asubuhi unakuwa bapa, umenyonywa kwa ndani. Maji yamepoa na kusinyaa, nafasi imebaki tupu, hakuna kinachoingia kuijaza, kwa hiyo kuta za mpira zinavutwa. Ngurumo anasema mgumu, umevimba. Ni kinyume kabisa.

Fikirini kilichomo ndani. Mvuke ukipoa unageuka maji na presha yake inaisha. Maji yenyewe yakipoa yanasinyaa. Kitu pekee kinachoweza kukaa usiku kucha na bado kikasukuma kuta za mpira ni gesi isiyogeuka maji. Gesi hiyo inatoka wapi? Ama ni hewa iliyoachwa wakati wa kujaza, ama ni gesi ya mwako inayopenya kutoka silinda. Na hewa iliyoachwa wakati wa kujaza ilikuwa na presha ya kawaida pale kifuniko kilipofungwa, kwa hiyo ikipoa inarudi palepale ilipoanza, haizidi. Imebaki silinda.

#4 Pwani_Kaskazini
Dada Mama_Dizeli kaeleza vizuri, naongeza moja tu. Hakikisha ugumu ni wa presha, si wa raba yenyewe. Mpira uliozeeka kwa joto unakauka na kuwa mgumu kama gogo hata ukiutoa mkononi. Fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: ukisikia "psss" na mpira ukalegea hapohapo, ni presha. Usiposikia kitu na mpira ukabaki vilevile, badilisha mpira.

#5 Bwana_Toki
Basi hedi ishuke, tumalize uzi 😀

#6 Mama_Dizeli
@Bwana_Toki wewe mkono wako uko kwenye spana kabla gari halijapaki. Sijasema ishuke. Nimesema gesi inatoka silinda, na hata hilo bado linapimwa.

#7 FundiMizani
Ngurumo, pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta ina adapta mbili unazozihitaji: ya kufunga kwenye shingo ya rejeta, na ya kupimia kifuniko chenyewe. Karakana nyingi za maana wanayo.

Injini iwe baridi kabisa. Jaza rejeta mpaka shingoni, funga adapta, pampu mpaka 20 psi, acha dakika 15 uangalie mshale wa geji. Ukishuka, fuata maji: viungo vya mipira, kile kitundu cha chini ya wota pampu (kikitoa maji, sili imekwisha), pembe za rejeta pale plastiki inapobanwa na alumini, zulia la mbele upande wa abiria kwa ajili ya hita ya ndani. Presha ikishuka na nje hakuna tone hata moja, maji yanaingia ndani ya injini.

Usiku pampu tena, acha hadi asubuhi. Asubuhi toa hita plagi zote nne (zile za kupashia silinda joto wakati wa kuwasha), piga stata sekunde chache. Silinda iliyoingia maji itarusha ukungu kwenye tundu lake. Kaa mbali na matundu hayo, yanarusha kwa nguvu.

#8 SpanaKumiNaNne
20 psi ni nyingi mno mkuu. Kifuniko cha 0.9 ni sawa na psi 13, cha 1.1 ni psi 16. Ukienda 20 kwenye rejeta ya miaka ishirini na kitu unapasua tangi la plastiki, halafu unasema umegundua tatizo. Pampu mpaka namba ya kifuniko, basi.

#9 FundiMizani
Kweli, nimekubali. Psi 13 kwa hilo gari. Kifuniko nacho upime kwa adapta yake: kinatakiwa kishike karibu na namba yake na kuachia hapohapo. Kikiachia kwenye 0.5 ni cha kutupa hata kama raba inaonekana nzima.

#10 Kilele_cha_Iringa
Watu wa pwani mnasahau mwinuko. Usawa wa bahari maji yasiyobanwa yanachemka 100. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500, yanachemka karibu 95. Mbeya kwenye mita 1,700 ni kama 94. Kifuniko kinaongeza presha juu ya ile ya hewa ya mahali ulipo. Kwa hiyo kifuniko kizima cha 0.9 kinakupa kama nyuzi 119 Dar lakini kama 115 Mbeya, kwa maji matupu. Kikiwa dhaifu kinachoachia 0.5, Mbeya unabaki na kama 107 tu. Kilima, tabo (turbo) inasukuma, AC imewashwa, maji karibu na silinda yanachemka, mapovu ya mvuke yanasukuma maji mengi kwenda riziva. Riziva inamwaga. Hakuna hedi iliyoharibika hapo.

Ndiyo sababu gari "zima" Dar linachemsha likipanda Kitonga. Kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ya nusu kwa nusu inainua hizo namba zote kwa nyuzi kama nane hadi kumi. Ngurumo hajasema ndani kuna nini. Maji ya bomba?

#11 Ngurumo_3000
Asanteni sana. Ndani kuna kulanti nyekundu lakini imeongezwa maji mara nyingi, kwa hiyo sasa ni maji kuliko kulanti. Mpira si mkavu: kifuniko kikifunguliwa "psss" inasikika na mpira unalegea. Thamostati bado ipo. Kesho napima presha na kifuniko.

#12 Nakuru254
Hapo kwa thamostati naomba mniskize vizuri, maana hiki ndicho kitu kinaharibu injini nyingi huku na huko. Fundi akitoa thamostati anadhani amefungulia maji njia. Kwa injini nyingi za Toyota thamostati ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta. Ya chini, ile ndogo iliyo kwa springi, inafunga njia ya mkato ile maji hupitia kurudi kwa injini kabla haijapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji moto inazunguka ndani ya injini bila kuona rejeta. Kwa tambarare gari litakaa baridi kupita kiasi na kunywa mafuta, kwa mlima litapata moto zaidi ya awali.

Kama unashuku thamostati, ipime. Iweke kwa sufuria ya maji, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto. Iliyoandikwa 82 inaanza kufunguka karibu na hapo, na maji yakifika 95 inafaa iwe imefunguka wazi, karibu milimita 8 hadi 10. Ikirudi, weka kile kivalvu kidogo kinachocheza kiangalie juu kabisa. Hapo ndipo hewa inatokea ukijaza. Ukikiweka chini umejifungia hewa mwenyewe.

#13 Dagaa_Mchele
Kuna dawa ya unga ya kuziba rejeta, elfu kumi tu, tatizo linakwisha. Au ute wa yai.

#14 Mama_Dizeli
@Dagaa_Mchele usimshauri mtu hivyo. Kinachoziba tundu la rejeta kinaziba pia mirija yake, na mirija ya hita ya ndani ni myembamba zaidi. Tena kama gesi inapenya kutoka silinda, presha ya kompresheni ya dizeli ni bar 30 hata kabla mafuta hayajawaka. Yai litazuia nini hapo? Litaoza tu ndani na kunuka.

#15 FundiRejeta_Ilala
Mimi nasema bado mnakimbilia injini na hamjagusa rejeta. Rejeta iliyoziba nusu inafanya hivyohivyo: tambarare poa, mlima inapanda, kwa sababu joto la kutoa ni dogo tambarare na mlimani linaongezeka mara kadhaa.

Namna ya kujua bila kuishusha. Washa injini mpaka thamostati ifunguke na mpira wa chini uwe wa moto. Chukua kipimajoto cha bastola (kinachopima kwa kulenga bila kugusa), pima mirija yote, tangi hadi tangi, mstari kwa mstari. Rejeta nzima joto linashuka taratibu na kwa usawa. Ukikuta sehemu ni baridi kana kwamba haijapata maji kabisa, mirija hiyo imekufa. Halafu mtu akanyage mafuta mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika wewe ukiangalia mpira wa chini. Ukinyonywa na kubonyea, pampu inavuta kuliko rejeta inavyoweza kupitisha. Au ile springi iliyomo ndani ya mpira wa chini imeoza na kutoweka, hilo nalo linatokea kwa waliotumia maji ya kisima chenye chumvi.

Angalia pia nje. Kati ya kondensa ya AC na rejeta hujaa vumbi, mbegu na wadudu, ukiangalia kwa mbele huoni kitu. Legeza rejeta, isogeze nyuma, puliza maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, si kinyume, na si kwa mashine ya presha kali inayolaza mapezi.

#16 Nakuru254
Na feni. Hiyo Prado feni yake inazungushwa na injini kupitia klachi yenye silikoni ndani. Injini ikiwa baridi na imezimwa, zungusha kwa mkono: inafaa ikatae kidogo. Ikizunguka bure mara tatu nne, silikoni imeisha. Ikiwa moto sana unafaa kuskia feni ikivuma kama lori. Ukikosa kuskia huo mvumo mlimani, klachi haishiki. Toyota wanauza mafuta yake ya silikoni kwa vichupa vidogo vya mililita 18, uzito tofauti tofauti, kwa hivyo unaweza kuijaza upya badala ya kununua klachi nzima.

Usijaribu ile ya kusimamisha feni na gazeti lililokunjwa. Watu wamepoteza vidole.

#17 KisimaKirefu
Tukiwa hapo, kulanti nyekundu na kijani zinachanganyika au hazichanganyiki? Dukani kila mtu ana jibu lake.

#18 Kilele_cha_Iringa
Rangi si kipimo, kila kiwanda kinatia rangi kinavyotaka. Soma aina ya kinga ya kutu iliyoandikwa kwenye galoni. Zile za zamani za silikati na hizi za asidi za kikaboni zikikutana, kinga ya kutu inakufa mapema, na wakati mwingine zinatoa uji. Ya Toyota ya pinki inauzwa ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu, usiongeze maji. Nyekundu unaichanganya mwenyewe na maji yaliyochujwa chumvi. Hujui iliyomo ni ipi? Mwaga yote, suuza mpaka maji yatoke meupe, anza upya.

#19 KisimaKirefu
Shukrani.

#20 Pwani_Kaskazini
Hakuna aliyetaja hewa kwenye hita ya nyuma. Prado nyingi zina hita mbili, na mabomba ya ile ya nyuma yanapita chini ya gari hadi viti vya nyuma. Ukijaza maji kwa haraka, lita nzima ya hewa inabaki humo. Inatoka kidogo kidogo kwa wiki, na kila inapofika kwenye hedi inatengeneza sehemu isiyo na maji. Joto linapanda ghafla, maji yanasukumwa riziva.

Kujaza ni hivi. Pandisha mbele ya gari kwa jeki au kwenye mteremko ili shingo ya rejeta iwe juu ya kila kitu. Hita zote mbili weka moto wa mwisho. Mimina taratibu, uminye mpira wa juu kwa mkono, mimina tena. Washa kifuniko kikiwa wazi, injini ikiwa baridi, subiri thamostati ifunguke na mapovu yaishe, ongeza, kisha funga. Siku tatu za kwanza angalia kila asubuhi.

#21 Mama_Dizeli
Nakubali utaratibu wako wa kujaza, huo ndio sahihi. Lakini hewa ya hita haielezi "psss" ya kila asubuhi. Ikishatoka imetoka, haizaliwi upya.

#22 Pwani_Kaskazini
Inaweza kuzaliwa upya kama kuna pahala inavutwa. Kiungo cha mpira cha upande wa kunyonya wa pampu kikilegea, hakitoi tone maji yakiwa na presha, lakini injini ikipoa kinavuta hewa. Kesho yake ikipata moto hewa hiyo inapanuka.

#23 Mama_Dizeli
Hapo umenipa la kufikiri. Lakini ikipoa tena inarudi ilipokuwa, au ukipenda inavuta nyingine. Haiachi presha asubuhi. Nabaki na silinda.

#24 Ngurumo_3000
Majibu ya jana, wakuu.

Kifuniko: kinaachia kwenye 0.6. Kimeandikwa 0.9.
Presha ya rejeta psi 13, injini baridi: dakika 15 imeshuka kidogo sana, kama nusu psi. Nje hakuna tone.
Usiku kucha: asubuhi geji imebaki psi 9. Hita plagi zimetolewa, stata imepigwa, hakuna ukungu silinda yoyote.
Rejeta kwa kipimajoto: pembe ya chini upande wa dereva ni baridi kuliko kwingine, kama upana wa kiganja.
Feni ikizungushwa kwa mkono inakataa vizuri.

#25 SpanaKumiNaNne
0.6! Nilisema kifuniko post ya pili kabisa.

#26 FundiRejeta_Ilala
Na mimi nilisema rejeta.

#27 FundiMizani
Kila mtu kapata chake 😀 Lakini tazameni namba vizuri. Psi 4 usiku kucha bila maji nje si kitu cha kupuuza, ingawa usiku hewa inapoa na presha inashuka kidogo yenyewe, na adapta nyingi zinavuja polepole. Ningefunga adapta kwenye kopo la chuma lisilovuja, nipime pampu yenyewe usiku mmoja, kabla ya kuilaumu injini.

#28 Mama_Dizeli
Kifuniko kinachoachia mapema kinaeleza riziva kumwaga mlimani. Hakielezi presha ya asubuhi. Tena nitawapa hesabu. Maji kutoka nyuzi 25 hadi 90 yanaongezeka takriban asilimia tatu na kitu. Mfumo wenye lita 10 unasukuma kama theluthi ya lita kwenda riziva. Ukiwa na kulanti nusu kwa nusu inakaribia nusu lita. Ngurumo anapoteza lita nzima. Ile nusu lita au zaidi iliyobaki inasukumwa na kitu kingine.

Sasa kipimo kinachofuata ni cha asubuhi, na hakihitaji kifaa. Injini baridi, fungua kifuniko presha yote itoke, jaza mpaka shingoni, funga kifuniko kipya. Washa, shika mpira wa juu. Ndani ya dakika mbili za kwanza maji hayajapata moto wa kuongezeka. Mpira ukianza kukaza kabla rejeta haijapata uvuguvugu, ni gesi. Halafu toa ule mpira mwembamba wa riziva, utumbukize kwenye chupa ya maji inayoonekana ndani. Mapovu yakiendelea bila kukoma hata baada ya hewa ya kujazia kwisha, jibu umelipata.

#29 Ngurumo_3000
Na kile kipimo cha maji ya bluu (dawa ya kugundua gesi ya mwako ndani ya rejeta) kinafaa kwa dizeli?

#30 FundiMizani
Kinafaa, ila ujue udhaifu wake. Yale maji yanabadilika rangi yakikutana na hewa ukaa (kaboni dioksidi). Kwa petroli yanakuwa njano, kwa dizeli mara nyingi yanaishia kijani, kwa sababu dizeli ikiwa saileni (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) inavuta hewa nyingi mno na moshi wake una hewa ukaa kidogo. Kwa hiyo ukipima ikiwa imesimama tu unaweza kupata "salama" ya uongo.

Fanya hivi. Punguza maji ya rejeta sentimita tano chini ya shingo, yasije yakavutwa kwenye bomba la kipimo. Maji ya rejeta yakiingia yanaharibu dawa. Injini iwe ya moto, thamostati imefunguka, na iwe imetoka kufanya kazi mlimani muda huohuo. Minya ile bulbu ya raba ya kuvutia hewa dakika mbili, mtu akishikilia mizunguko 2,000. Kabla ya yote jaribu dawa yenyewe: ipulizie pumzi yako kupitia bomba. Pumzi ya mtu ina hewa ukaa ya kutosha kuibadilisha. Isipobadilika, dawa imekufa. Ikibadilika, vuta hewa safi mpaka irudi bluu.

#31 Bwana_Toki
Angalizo la usalama kwa watakaosoma baadaye: kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 110 yakikutana na hewa yanageuka mvuke mara moja na kukupanda usoni. Subiri mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kwa gari hili ambalo mpira unabaki na presha hata ukiwa baridi, fungua robo mzunguko, acha ipumue, ndipo umalizie.

#32 Nakuru254
Na usiamini sana geji ya dashibodi. Zile za Toyota zimetengenezwa zisimame katikati kwa upana mkubwa wa joto, mshale ukianza kusogea tayari maji yamepata moto sana. Baya zaidi, maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka. Dereva anafurahi kumbe hedi inaiva. Pima kwa kipimajoto cha bastola hapo kwa kishingo cha thamostati.

#33 Ngurumo_3000
Wakuu, kifuniko kipya cha 0.9 kimefungwa, rejeta imejazwa kwa utaratibu wa @Pwani_Kaskazini.

Asubuhi, dakika mbili za kwanza: mpira laini. Dakika ya tano umeanza kukaza, rejeta ikiwa vuguvugu juu.
Chupa ya maji: mapovu machache, yanakoma, yanarudi ukikanyaga mafuta.
Maji ya bluu, gari limesimama: bluu. Baada ya kupanda kilima kwa dakika 20: yamegeuka kijani kibichi kidogo, si wazi sana. Pumzi iliyabadilisha vizuri kwa hiyo dawa ni nzima.
Asubuhi iliyofuata: "psss" ipo lakini ndogo kuliko mwanzo. Maji yamepungua kama robo lita.

#34 SpanaKumiNaNne
Kutoka lita moja hadi robo. Kifuniko kimefanya kazi. Safisha rejeta umalizie.

#35 Mama_Dizeli
Mapovu yanayofuata mguu wa mafuta, na rangi inayobadilika baada ya mzigo tu. Kwangu huo ni ufa kwenye hedi unaofunguka ukipata moto na kujifunga ukipoa. Hedi za 1KZ zinajulikana kwa kupasuka, hasa zikishawahi kuchemsha. Ndiyo maana kipimo cha baridi hakikutoa ukungu: ufa ulikuwa umejifunga. Ingekuwa gasketi iliyoungua kati ya silinda na njia ya maji, mpira ungekaza dakika ya kwanza.

#36 FundiMizani
Si lazima. Gasketi iliyoanza tu kulegea nayo inapitisha ikiwa na mzigo pekee, hasa kama boliti za hedi zilikazwa bila rinchi ya toki (spana inayopima nguvu ya kukaza). Kupima kwa baridi hakutofautishi hivyo viwili.

Njia moja ya kuikaribia silinda: leta pistoni juu kabisa kwenye kompresheni, zuia injini isizunguke, puliza hewa ya kompresa kupitia tundu la hita plagi kwa bar 6 hadi 7, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na maji shingoni. Fanya injini ikiwa bado ya moto, moja baada ya nyingine. Maji yakichemka mapovu kwenye silinda fulani, umeijua. Msitumie kamera kwa kupitia tundu hilo mkidhani mtaona pistoni. Kwenye hii injini hita plagi inaingia kwenye chemba ndogo ya kuwashia, utaona chemba tu.

#37 Kilele_cha_Iringa
Kuna joto lingine hatujalihesabu. Oili ya gia otomatiki inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo. Mlimani ikiachwa O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa), gia inahangaika juu chini, toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia) haijifungi, na joto lote hilo linamwagwa kwenye maji. Rejeta yenye kiganja kizima kimeziba haiwezi. Zima O/D chini kabisa ya mlima, Ruaha Mbuyuni, panda kwa gia ya chini na mizunguko ya juu ili feni na pampu zifanye kazi. Halafu rudia maji ya bluu. Kama yatabaki bluu, mlikuwa mnapima maji yaliyochemka.

#38 Mama_Dizeli
Maji yaliyochemka hayatoi hewa ukaa ya kugeuza rangi.

#39 Kilele_cha_Iringa
Kijani "kidogo, si wazi sana". Ningerudia mara mbili kabla ya kushusha hedi.

#40 Bwana_Toki
Kama mwishowe hedi itashuka, msiipeleke kuskimu (kuchongwa uso uwe sawa) moja kwa moja. Kwanza iende kwa wenye tangi la kupimia: wanaziba njia za maji kwa bamba na raba, wanapuliza hewa, wanaizamisha kwenye maji ya moto. Muulize fundi kabla ya kumlipa: maji yako ni ya moto au ya bomba tu? Kwa ufa wa aina anayoshuku Mama_Dizeli, maji baridi yatasema hedi nzima. Atazame kati ya valvu, na pembeni mwa chemba ndogo. Rula ya chuma na fila geji (bamba jembamba la kupimia upenyo): kwa injini nyingi kikomo cha kupinda ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, fuata kitabu cha injini yako. Zingine za dizeli haziruhusu kuskimu kabisa, maana valvu zinasogelea pistoni na chemba zinachomoza. Gasketi mpya ichaguliwe kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, ziko za unene tofauti zenye alama. Usikubali "zote ni sawa" ya dukani.

#41 Ngurumo_3000
Nimewasoma wote, asanteni. Mpango: rejeta inashushwa Jumatatu isafishwe, kulanti mpya nusu kwa nusu, pampu ya presha inapimwa kwenye kopo kama alivyosema FundiMizani. Kisha mlima bila O/D na maji ya bluu mara mbili. Kabla ya hapo hedi haiguswi.

#42 FundiRejeta_Ilala
Ikishushwa, isitobolewe kwa waya mirija ya alumini, inapasuka. Muulize fundi kama tangi za rejeta zinafunguliwa. Zikifunguliwa, abadilishe na zile raba za pembeni, asirudishe za zamani.

#43 Mama_Dizeli
Na kipimo cha asubuhi ufanye kila siku mpaka hiyo Jumatatu, uandike: umeskia "psss" au hujasikia, maji yamepungua milimita ngapi kwenye shingo. Ikikua siku hadi siku, usiende mlimani na gari hilo.

#44 KisimaKirefu
Samahani kurudisha nyuma: maji ya mvua yanafaa badala ya yale ya chupa?

#45 Kilele_cha_Iringa
Yanafaa kama yamekingwa moja kwa moja kwenye chombo safi. Yakipita juu ya bati lenye kutu na vumbi, hapana.